Marufuku ya mchanga si mpango

Kitui imejaribu kuulinda mchanga wake kwa amri. Januari 2018 gavana wa wakati huo, Charity Ngilu, alipiga marufuku kusafirisha mchanga na makaa nje ya kaunti. Mwezi uliofuata lori la makaa likateketezwa katika soko la Kanyonyoni, gavana wa Kiambu, Ferdinand Waititu, akaja juu, na kwa muda taifa zima likawa linajadili ugomvi wa magavana wawili badala ya hali ya mito. Vumbi lilipotua, wenye malori walikuwa wamejifunza somo moja tu: safiri usiku.

Msimamo wetu ni mfupi. Marufuku si mpango. Mchanga utachimbwa kwa sababu Nairobi inajengwa, na miji ya Kitui na Wote inajengwa vilevile. Shule, zahanati na madaraja ya humu humu kaunti hayasimami kwa udongo wa kichuguu. Serikali ya Kitui inachopaswa kutuambia ni mchanga kiasi gani unaweza kutoka, katika mto upi na kipande kipi cha mto, nani ataulipia, na nani atalitengeneza bonde lori la mwisho likishaondoka. Amri ya kukataza haijibu hata moja kati ya hayo. Inamwondolea tu afisa mzigo wa kufikiri.

Msomaji aliye mbali na Ukambani huenda akashangaa mchanga una nini hata watu wauane kwa ajili yake. Na wameuana kweli. Mwaka 2011 askari polisi aliuawa Makueni katika uhasama wa mchanga. Basi tueleze. Mito mingi ya Kitui haina maji ya kuonekana. Thua, Tiva, Nzeeu na Kalundu hufurika kwa siku chache mvua ikinyesha, kisha hubaki njia pana ya mchanga mkavu. Maji yamo chini. Jua haliyafikii yakishashuka kama mita moja hivi, mchanga unayachuja, na polepole unayasukuma kwenye kingo, ambako visima na mashamba huyapata. Mvua zetu ni za vipindi viwili, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, na hicho cha pili ndicho cha kutegemewa zaidi. Katikati ya vipindi hivyo watu huishi kwa visima vya kuchimba mchangani. Mchanga ukiondoka, kisima kinaondoka nao.

Hesabu yake ni rahisi, na tunashangaa kwamba haibandikwi katika kila ofisi ya chifu. Lori la tani 20 hubeba mchanga wa takriban mita 12 za ujazo. Mchanga wa chembe kubwa, wa aina ile ile inayopendwa na mafundi, huweza kutoa maji ya kama robo ya ujazo wake. Lori moja basi huondoka na nafasi ya kuhifadhi lita 3,000, yaani mitungi 150 ya lita 20. Tena si mara moja. Nafasi hiyo ingejazwa na mvua ya msimu huu, ikajazwa tena msimu ujao, na ujao tena, hadi siku mto utakapoleta mchanga mwingine. Mwenye lori amelipia mchanga. Maji hakuyalipia, na hakuna aliyemdai.

Wakamba hawahitaji kufundishwa haya na mtaalamu wa kutoka mbali. Tangu miaka ya 1990 shirika la SASOL limesaidia vijiji vya Kitui kujenga mamia ya mabwawa ya mchanga. Kabla yake, mwaka 1978, Joshua Mukusya na wenzake walianzisha Utooni, kikundi ambacho kazi yake imeenea Machakos na Makueni. Ukuta wa zege na mawe hujengwa kukingama mto juu ya mwamba. Misimu michache baadaye mchanga hujaa nyuma yake, na maji hukaa ndani ya mchanga huo. Kazi hufanywa kwa mwethya: wanakijiji hubeba mawe, huchota maji, huchanganya saruji, mara nyingi kina mama wakiwa wengi kuliko wanaume. Leo, katika mto ule ule, unaweza kukuta mwethya mmoja ukijenga ukuta wa kuukamata mchanga, na chini kidogo vijana wakiupakia kwenye lori. Wote wawili ni watu wa kaunti moja, na kaunti hiyo haina ramani inayowatenganisha.

Kuna hoja ambayo wachimbaji huitoa kila mara, nayo si ya kupuuzwa: mchanga hurudi. Mvua ikinyesha mto huleta mwingine. Ni kweli, lakini unarudi kiasi gani? Mchanga wa mtoni ni milima na mashamba yaliyomomonyoka. Miaka ya 1930 Ukambani ulikuwa umechakaa kwa mmomonyoko, hata serikali ya kikoloni ikautumia kama sababu ya kuwanyang'anya watu ng'ombe mwaka 1938, na Muindi Mbingu akaongoza maelfu kwenda Nairobi kulalamika. Tangu hapo watu wameyatandaza matuta ya fanya juu kwenye miteremko, wamepanda miti, wameziba makorongo. Mashamba yamepona kwa sehemu kubwa. Shamba lililopona halimwagi mchanga mtoni kama zamani. Mafanikio ya mkulima wa mlimani, kwa maneno mengine, yanapunguza riziki ya mchimbaji wa bondeni, na mtu anayepanga kwa kukumbuka jinsi mto ulivyokuwa alipokuwa mtoto anapanga kwa mchanga ambao haupo.

Liko pia bwawa la Thwake. Limekuwa likijengwa tangu 2018 pale mto Thwake unapokutana na Athi, ukuta wake ni wa mita 80 na zaidi kidogo, na limekusudiwa kuhifadhi zaidi ya mita za ujazo milioni 680. Bwawa la ukubwa huo hukamata maji, na hukamata pia kila chembe nzito inayokuja na maji. Chini ya ukuta, Athi ndiyo mpaka kati ya Kitui na Makueni kwa masafa marefu. Kipande hicho cha mto kitapata mchanga mdogo kuliko kilivyozoea, na kingo zake zitaanza kuliwa na maji yenye njaa. Tungependa kusikia kaunti zote mbili zimepanga nini kuhusu hilo. Kuendelea kutoa vibali vya kuchimba huko kwa mazoea ya zamani ni kuchota kwenye akaunti ambayo mwajiri ameacha kuweka mshahara.

Makueni imetangulia. Sheria yake ya kuhifadhi na kutumia mchanga ilipitishwa mwaka 2015, Kivutha Kibwana akiwa gavana, nayo ikaunda mamlaka maalumu ya mchanga. Uchimbaji unaruhusiwa katika maeneo yaliyotengwa, kwa ajili ya ujenzi wa ndani ya kaunti, na kusafirisha mchanga kuuza nje kumekatazwa. Tofauti na amri ya Kitui ni kwamba hapa kuna ofisi, kuna watu wenye kazi ya kuutazama mto asubuhi na jioni, na kuna wa kuulizwa mambo yakiharibika. Hatusemi Makueni imemaliza kazi. Wezi wa mchanga wapo huko pia. Lakini mwananchi wa Makueni anayeona lori mtoni anajua mlango wa kubisha. Wa Kitui hubisha kwa chifu, chifu akamwelekeza polisi, polisi wakamwelekeza NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na NEMA iko mjini.

Hata hivyo marufuku ya Makueni imeisaidia Makueni kwa kuusukuma mzigo ng'ambo. Dunia imeliona hilo kwa kipimo kikubwa zaidi. Singapore ilijipanulia ardhi kwa kumwaga mchanga baharini, ikinunua kwa majirani. Indonesia ilipokataza kuuza mchanga nje mwaka 2007, wanunuzi walielekea kwingine, Kambodia ikiwemo, hadi Kambodia nayo ikafunga mlango mwaka 2017. Mahitaji hayakupungua kwa kilo moja. Yalihama. Na hapa kwetu, Makueni ikifunga ukingo wa Athi wa upande wake, lori linavuka. Kitui ikifunga, linakwenda Machakos. Kaunti hizi tatu zina umoja wao wa kiuchumi wa kusini mashariki, unaokutana na kutoa taarifa nzuri nzuri kuhusu maembe na uwekezaji. Mchanga ungeupa umoja huo kazi ya maana: kibali kimoja kinachotambuliwa na kaunti zote tatu, ada moja, na vizuizi vya barabarani vinavyosoma karatasi moja.

Mto ni wa nani? Swali hili lazima lijibiwe waziwazi kwa sababu biashara yote imejengwa juu ya kulikwepa. Mwenye shamba la kando ya mto huwatoza madereva ada ya kupita, na mara nyingi huwauzia mchanga wenyewe kama vile ni mahindi yake. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inaiweka mito katika ardhi ya umma. Njia kwenye shamba lake anaweza kuikodisha. Mchanga wa mtoni si wake kuuza, wala si wa dalali, wala si wa mwakilishi wadi. Kwa upande mwingine, ni yeye anayepoteza shamba kingo zikiporomoka, na ni kisima chake kinachokauka. Mpango wa haki utamlipa kwa njia, utamnyima bei ya mchanga, na utampa kiti katika kamati inayoamua lini mto ufungwe. Kanuni ya kuipa jamii fungu lake tayari imo katika Sheria ya Madini ya 2016, inayotenga asilimia 10 ya mrabaha kwa jamii ya mahali madini yanapochimbwa. Kitui haihitaji kubuni falsafa mpya. Inahitaji kuiandika katika kanuni zake za mchanga, pamoja na jina la benki, jina la akaunti na idadi ya watia saini.

Tukiwa hapo tuseme pia neno kuhusu anayeshika beleshi. Kila msako unapofanywa, picha za magazetini, za kwetu zikiwemo, huonyesha vijana waliovua mashati wameketishwa chini na polisi. Hao ndio wanaopata kidogo kuliko wote. Hulipwa kwa lori, wakagawana kundi zima, na kuna siku ukingo humwangukia mmoja wao. Mwenye lori huwa amelala Nairobi. Dalali hupokea yake kwa simu. Mpango ambao hautawasajili wachimbaji hawa, ukawapa mahali halali pa kuchimba na bei inayojulikana, utawarudisha mtoni saa nane za usiku, maana karo ya shule haingoji kikao cha bunge la kaunti. Waliosajiliwa watakuwa walinzi wa bei nafuu kuliko askari yeyote, kwa kuwa mwizi atakuwa anaiba kwao.

Miongozo ya kufanya kazi hii ipo tangu 2007, ilipotolewa na NEMA. Inakataza kuchimba kingo za mto. Inataka uchimbaji ukae umbali wa mita 100 kutoka madaraja na miundombinu mingine. Inataka malori yatumie njia zilizotengwa na yapakie mahali palipotengwa, na inataka eneo lirekebishwe kadiri kazi inavyoendelea. Miaka imepita na madaraja yetu yameanza kuonyesha misingi yake. Kasoro ya miongozo hiyo haimo katika maandishi. Hakuna anayepima, na asiyepima hana la kumwambia hakimu. Mshtakiwa akisema shimo lilikuwa hapo tangu zamani, nani ataapa kwamba halikuwepo?

Kwa hiyo kupima ndiyo kazi ya kwanza, na ni kazi ya bei rahisi ajabu. Vigingi vya zege vichimbiwe kwenye kingo mbili za mto, kamba ivutwe kutoka kigingi hadi kigingi, na kina cha mchanga kipimwe kila hatua chache. Hilo lifanywe kabla ya mvua na baada ya mvua, mwaka baada ya mwaka, mahali pale pale. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo mapato ya mto kwa msimu huo, na kibali chochote kikizidi mapato hayo ni wizi uliopigwa muhuri. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kiko Kwa Vonza, ndani ya Kitui, na kinafundisha masuala ya maji. Wanafunzi wanaotafuta mada za utafiti wapo. Walimu wa sekondari za kando ya mito wapo, na wanafunzi wao wa jiografia wanaweza kushika kamba. Vipimo vibandikwe sokoni, si kwenye faili la wizara.

Mito itakayopimwa haitafanana, na mpango usijifanye kwamba inafanana. Vipande vyenye bwawa la mchanga, au vyenye visima vya kijiji, vifungwe moja kwa moja. Hapo hakuna cha kujadili. Mito mikubwa iliyo mbali na makazi, ambako mchanga ni wa kina kirefu na mafuriko huleta mwingine kila msimu, ifunguliwe kwa zamu: kipande kimoja kichimbwe msimu mmoja, kisha kipumzike. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaitaka kila kaunti iwe na mpango wa matumizi ya ardhi wa miaka 10 ulio na ramani. Humo ndimo mchanga unapopaswa kuingia, kando ya barabara, masoko na malisho, ili mwekezaji anayekuja na barua ya kamati ya maendeleo aonyeshwe rangi nyekundu kwenye ramani na arudi alikotoka.

Tumezungumzia mito mno, na mito ndiyo yenye kelele. Lakini kokoto na murramu zinaliharibu eneo hili kimyakimya. Kila barabara inapojengwa, mkandarasi huchimba murramu katika shamba la mtu karibu na kazi. Humlipa mwenye shamba pesa ambazo kwa siku ile huonekana nyingi. Barabara ikiisha, mitambo huondoka na shimo hubaki, kuta zake zimesimama wima. Mvua ikinyesha hujaa maji, ng'ombe na watoto hulifuata, na hapo msiba hauhitaji mwaliko. Vivyo hivyo kwa machimbo ya mawe na kokoto. Mwenye shamba huachiwa ekari ambayo haiwezi kulimwa wala kuuzwa, na hati ya ardhi ambayo bado inasema ana shamba zima.

Jambo la kuudhi ni kwamba shimo lile lingeweza kuwa mali. Ukambani unalilia silanga, yaani mabwawa madogo ya maji. Mkandarasi aliyeleta tingatinga la kuchimba murramu anaweza, kwa siku chache za ziada, kuzilaza kuta ziwe mteremko wa kushukika, kushindilia udongo wa mfinyanzi chini, kuchonga mfereji wa kuingiza maji ya barabara na mwingine wa kuyatoa yakizidi, na kuzungushia ua. Gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na bei ya barabara yenyewe. Lakini lazima iandikwe kwenye mkataba kabla ya jino la kwanza la tingatinga kugusa ardhi. Baada ya mkandarasi kulipwa na kuondoka, kilichobaki ni barua, na barua haijawahi kufukia shimo.

Kwamba ardhi iliyochimbwa inaweza kurudi si ndoto. Bamburi, Mombasa, kiwanda cha saruji kilikuwa kimechimba chokaa hadi pakawa uwanja wa mawe matupu. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti humo. Kati ya aina 26 alizojaribu, tatu tu ndizo zilizostahimili, mvinje ukiwa mmojawapo, na majani yake magumu hayakuoza hadi alipoingiza jongoo wa kuyasagasaga. Leo pana msitu na wanyama, na wageni hulipa kiingilio. Kule Kwale, Base Titanium ilipofunga machimbo yake mwishoni mwa 2024, kazi ya kuurudisha udongo wa juu uliotengwa tangu mwanzo na kupanda mimea ilikuwa sehemu ya shughuli zake, ingawa mabishano kuhusu ardhi hiyo iende kwa nani ni habari nyingine. Visa hivyo viwili vinafundisha kwamba udongo wa juu lazima ukusanywe na kuwekwa kando kabla ya kuchimba, na kwamba miti haichaguliwi kwa hotuba. Mvinje wa pwani hauna kazi Mutomo. Huku tuna mukau, mti wa nchi kavu wenye mbao nzuri, na Taasisi ya Utafiti wa Misitu, KEFRI, yenye kituo Kitui, imeushughulikia kwa miaka mingi. Kingo za mto zinataka mimea ya kushika udongo, makonge na nyasi zenye mizizi mirefu, kabla ya mti wowote.

Yote haya yanahitaji pesa, na hapa ndipo mipango mingi hufia. Tunapendekeza kanuni moja isiyo na msamaha: hakuna kibali bila amana. Anayetaka kufungua chimbo la kokoto, murramu au mchanga aweke benki, kabla ya kuanza, gharama yote ya kulirekebisha eneo kama itakavyokadiriwa na mhandisi ambaye hakumchagua yeye. Akirekebisha, arudishiwe. Akitoroka, kamati ya eneo ichukue pesa hizo na kuajiri vijana wa pale pale kufanya kazi. Wazo la amana ya mazingira limo tayari katika sheria ya madini, kwa wachimbaji wakubwa. Anayechimba ekari mbili Ikutha aliache eneo salama kama anayechimba elfu mbili Kwale, ila amana yake itakuwa ndogo kulingana na shimo lake.

Wapo watakaosema amana itawafukuza wachimbaji wadogo na kuwaachia matajiri. Ni pingamizi la haki. Vikundi vya kijiji vinavyochimba kwa beleshi vikubaliwe kuweka amana kidogo kidogo, kiasi fulani kwa kila lori linalotoka, mradi zikae kwenye akaunti ya mto huo na si kwenye mfuko mkuu wa kaunti. Tunakazia hilo la mwisho. Ushuru wa mchanga ukishaingia mfuko mkuu huwa mafuta ya magari ya maafisa, na mto hausikii tena habari zake.

Nairobi nayo isijifanye mgeni katika habari hii. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lilikadiria mwaka 2022 kwamba dunia hutumia tani bilioni 50 za mchanga na kokoto kwa mwaka. Makao yake makuu yako Gigiri, saa chache kwa gari kutoka Thua. Mchanga wa jangwani haufai zege kwa sababu upepo umezilainisha chembe zake zisishikane. Wa baharini una chumvi inayokula nondo. Ndiyo maana wa mtoni unasakwa usiku na mchana. Lakini upo mchanga wa kusaga mawe, na viwanda vya kokoto vya kuzunguka Mlolongo vinaweza kuutoa kwa wingi. Unataka saruji iliyopimwa vizuri na fundi aliyezoea. Serikali kuu, inayojenga nyumba za bei nafuu na kujisifu, ndiyo mnunuzi mkubwa anayeweza kuubadilisha mwenendo wa soko kwa sharti moja katika zabuni zake: mkandarasi asilipwe bila stakabadhi inayoonyesha mchanga wake umetoka mto gani, kwa kibali kipi. Kaunti ya Kitui iweke sharti hilo hilo kwa madarasa na zahanati zake, kesho. Itakuwa aibu zahanati ya kijiji kujengwa kwa mchanga ulioiba maji ya kijiji hicho hicho.

Gavana Julius Malombe alikuwa ofisini wakati ugatuzi unaanza mwaka 2013, akatoka 2017, akarudi 2022. Hahitaji kuelezwa mito ya Kitui iko wapi. Bunge la kaunti halihitaji safari ya kujifunza ng'ambo. Mji wa Wote, huko Makueni, ni karibu, na mamlaka ya mchanga ya kaunti hiyo itawaonyesha kilichofaulu na kilichogoma. Mwaka wa fedha wa kaunti huanza Julai 1. Bajeti ijayo ikiwa na fungu la vigingi, kamba, mishahara ya wapimaji wachache na wakili mmoja wa kuandika kanuni za amana, tutajua kaunti ina nia. Vipimo vya kwanza vichukuliwe Septemba, mito ikiwa mikavu, na vya pili Januari, mvua ya Oktoba ikishapita. Hadi vipimo hivyo viwili vitakapobandikwa ukutani, kusitolewe kibali kipya hata kimoja cha kuuza mchanga nje ya kaunti, hata awe nani anayekiomba.